Kiti cha wodini hakiwezi mchanga wa Kusini

Kila viti mwendo vinapogawiwa huku kwetu Kusini picha inapigwa sakafuni, angalia vizuri utaona, ni baraza la ofisi au ukumbi wenye vigae, kiti kinang'aa bado kina nailoni kwenye mikono, waliokaa wanatabasamu na wageni wamejipanga nyuma yao. Sijawahi kuona picha iliyopigwa nusu saa baadae pale mwenye kiti anapotoka getini na kukutana na mchanga. Na Mtwara na Lindi ukiacha lami tu umeshaingia mchangani, Shangani mchanga, mitaa ya nyuma Mikindani mchanga, ukipanda Newala na Tandahimba kule kwenye mikorosho ni mchanga unaomeza mpaka tairi la baiskeli. Kile kiti kikifika hapo kinasimama, na kuanzia siku hiyo mwenyewe anarudi kuwa mtu wa kubebwa kama zamani, ila kwenye makaratasi ameshahesabiwa kwamba amesaidiwa.

Nataka niongelee kutoka nje. Sio kwenda hospitali wala kwenda kuchukua fomu, naongelea kwenda bichi Msimbati siku ya Idi, kukaa pwani jioni pale watu wanaposhona nyavu, kwenda kuona ngoma, kuvuka kwenda Kitunda ng'ambo ya Lindi mjini kutembea tu, kwenda uwanjani Nangwanda Sijaona kuangalia mpira. Najua kuna watu wakisikia hivi wanasema hayo ni mambo ya wazungu, sisi bado dawa hazitoshi we unaleta habari za bichi. Nawaelewa, ila nadhani wanakosea hesabu, na sababu yangu iko kwenye mchanga wenyewe, nitaifikia.

Kwanza tuelewe kwanini kiti kinakwama, maana wengi wanadhani ni uzito wa mtu au uvivu wa anaesukuma. Kiti cha kawaida cha hospitali kimechorwa kwa ajili ya korido, kina magurudumu mawili makubwa nyuma na mbele viwili vidogo, vyembamba, vigumu, vinavyozunguka kila upande. Kwenye vigae hiyo ni akili kubwa sana kwasababu kinageuka pale pale mlangoni. Kwenye mchanga vile vidogo vya mbele ndo vinazama kwanza, maana vinabeba sehemu kubwa ya uzito juu ya eneo la upana wa vidole viwili, vikishazama kiti kinainama mbele, ukijisukuma kwa nguvu unazidi kujichimbia, na ukisukumwa na mtu kwa nyuma unaweza kumwagika kifudifudi. Ndo maana akina mama wengi wenye watoto wenye ulemavu utawaona wanakigeuza kiti na kukivuta kinyumenyume, magurudumu makubwa yatangulie, mtoto anasafiri haoni anakokwenda. Wale akina mama wameshafanya nusu ya kazi ya injinia, wamegundua wenyewe kwamba tatizo liko mbele, lakini kwenye vile vikao vya kununua viti hakuna anaewauliza.

Dawa ya hilo haina siri. Gurudumu la mbele lisogezwe mbele zaidi ili uzito ulale nyuma kwenye makubwa, alafu lenyewe liwe pana na laini ili likanyage juu ya mchanga badala ya kuukata. Ralf Hotchkiss, Mmarekani aliyeumia uti wa mgongo kwa ajali ya pikipiki mwaka 1966, alitumia maisha yake kwenye jambo hilo, mwaka 1980 alienda Nicaragua akafanya kazi na vijana wa kule wenye ulemavu waliokuwa wanakarabati viti vyao wenyewe, na kutokana na kazi ya namna hiyo kikaja kiti cha RoughRider, kirefu kwa chini, magurudumu ya mbele mapana ya mpira. Waingereza wa Motivation, shirika lililoanza mwaka 1991 na mmoja wa waanzilishi wake David Constantine mwenyewe anatumia kiti, wao wakatoa kiti cha magurudumu matatu, moja tu mbele tena liko mbali, kwa ajili ya njia mbovu.

Na kuna hii inayotuhusu sisi moja kwa moja. Mwaka 2005 mwanafunzi wa uinjinia kutoka MIT, chuo kikuu cha Marekani, Amos Winter, alikuja Tanzania kuangalia hali ya viti mwendo, akaona watu wana viti visivyoweza kutoka nje ya nyumba, na kutoka hapo wenzake na yeye wakatengeneza kiti kinachoendeshwa kwa mipini miwili mirefu ya kusukuma mbele na nyuma, kwa cheni na sehemu za baiskeli za kawaida. Uzuri wake hakina gia za kubadilisha. Ukishika mpini juu kabisa unapata nguvu ya kupanda kilima au kutoka mchangani, ukishusha mikono chini unapata spidi kwenye barabara nzuri, kwa hiyo gia ni mkono wako wewe mwenyewe. Mwaka 2009 walikijaribu hapa Afrika Mashariki. Leo aina hiyo ya kiti inauzwa Marekani kwa watu wanaotaka kwenda milimani na bichi kupumzika, na mimi nikiwaza kwamba wazo lilizaliwa kwa kuangalia njia zetu alafu huku Kusini bado tunapokea vya korido, inaniuma kweli.

Kwenye kupokea ndo penye tatizo kubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu wanaohitaji kiti mwendo duniani ni kama milioni 80, yani takriban mtu mmoja kwa kila 100. Sasa piga hesabu ya mkono, kwa sensa ya 2022 Mtwara ina watu milioni 1.6 na Lindi karibu milioni 1.2, ukichukua mmoja kwa 100 unapata kama watu 28,000. Hayo ni makisio tu, sio hesabu ya nyumba kwa nyumba, lakini hata ukiyakata nusu huwezi kuyajibu kwa viti 20 vya msaada vinavyoshushwa siku ya maadhimisho. Lazima viti vitengenezwe au vifanyiwe marekebisho hapa hapa, na mafundi wa kuanzia tunao.

Mjomba wangu mmoja alianguka kwenye mnazi, miguu ikafa ganzi. Alipewa kiti, kikakaa barazani miezi na miezi, baadae akamuita fundi wa baiskeli na fundi wa kuchomelea wakakaa nae chini, wakakata ile sehemu ya mbele yote, wakatoa bomba refu mbele na kufunga gurudumu la toroli. Sio baya hata kidogo lile gurudumu, tairi la toroli namba 4.00-8 lina kipenyo cha kama sentimita 40 na upana wa sentimita 10, linapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi, tyubu yake inazibwa na fundi yeyote wa pancha, na ukilipunguza upepo kidogo linalala vizuri juu ya mchanga. Siku ile ile alishuka pwani kwa mikono yake, taratibu, anapumzika, anaendelea. Kitu alichokuwa anakitaka muda wote ni kukaa na wenzake wanaoshona nyavu bila ya kumsumbua mtu ampeleke, na zaidi ya hapo bila ya kusubiri mpaka huyo mtu aamue kumrudisha.

Lakini nisiwadanganye kwamba kila fundi akate tu bomba na kuchomelea. Kile kiti cha mjomba siti yake ilikuwa pana kuliko yeye, alikuwa anaegemea upande mmoja, na mtu asiyehisi kuanzia kiunoni hasikii maumivu pale nyama inapogandamizwa masaa mengi, kwa hiyo alipata kidonda kilichomlaza kitandani muda mrefu kuliko ule aliokaa bila kiti. Vidonda vya mgandamizo vinaua watu wenye jeraha la uti wa mgongo, na mara nyingi chanzo ni kiti kisichowatosha na kukosa mto wa maana. Ndo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 unaweka kupima mwili, kujaribisha kiti, kumfundisha mtumiaji na kumfuatilia baadae kuwa ni sehemu ya kazi, kwamba kumkabidhi mtu kiti na kuondoka bado hujamaliza. Pale hospitali ya KCMC Moshi kuna TATCOT, chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia, na watu wamewahi kusomeshwa hapo utaalamu wa viti mwendo. Mtwara na Lindi kote kuwili tuna vyuo vya ufundi vya VETA, na SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, ipo. Mtu mmoja aliyesomea upimaji akiwekwa karibu na mafundi kumi wa kuchomelea anaweza kubadilisha mambo mengi sana, kwasababu wale kumi tayari wanajua bomba, spoku, beringi, wanatengeneza maguta kila siku, wanachokosa ni kujua mwili wa binadamu unavyokaa.

Alafu kuna chumvi. Kiti cha kwenda pwani huku kinakula kutu ndani ya muda mfupi, beringi zinaanza kulia, spoku zinakatika. Stenlesi ni ghali, kwa hiyo ushauri wangu ni tofauti kidogo na wa wauzaji, chagua kitu kinachofunguka na kinachopatikana dukani hata kama kitachakaa mapema. Kiti kizuri ambacho beringi yake inaagizwa nje, siku ikifa kiti chote kimekufa, ila kiti cha beringi za baiskeli kinarudi barabarani kesho yake. Na kila ukitoka pwani ni kukiosha kwa maji yasiyo na chumvi na kutia grisi, hilo mtumiaji afundishwe siku ya kwanza pamoja na kukaa.

Sasa nirudi kwa wale wanaosema bichi ni anasa. Wenzetu Ulaya na Marekani wana kiti cha bichi peke yake, kina mapira makubwa kama maputo, unakikuta pale ufukweni unaazima, vingi huwezi hata kujiendesha mwenyewe, lazima usukumwe, ukimaliza unarudisha na kukaa kwenye kiti chako cha kila siku kwenda nyumbani kwa lami. Kwao kiti cha starehe na kiti cha maisha ni vitu viwili. Huku kwetu ardhi imeamua vinginevyo. Mchanga wa kwenda bichi Msimbati ndo mchanga wa kwenda kuokota korosho, ndo wa kwenda mnadani, ndo wa kwenda shule, ndo wa kwenda msibani, kiti kitakachomfikisha binti mwenye ulemavu kwenye ngoma ya usiku ndo hicho hicho kitamfikisha chini ya mkorosho wa baba yake msimu wa mavuno akashika kapu na akapata fungu lake. Kwa hiyo ukinunua cha mchanga umenunua starehe na kazi kwa pesa moja, ukinunua cha korido kwa hoja kwamba tuanze na mambo ya lazima, umekosa vyote viwili. Hii ndo hesabu ninayosema wanaikosea.

Na hata bila hiyo korosho bado ni haki. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, ibara ya 20 inahusu mtu kutembea kwa uhuru wake na ibara ya 30 inataja kabisa utamaduni, burudani, mapumziko na michezo. Mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Mtu anaekaa ndani hasikii stori, hajui nani anaoa, hajui boti ipi imerudi na nini, wala fursa haimfikii maana fursa zetu nyingi zinapita vijiweni kwa mdomo kabla hazijafika kwenye tangazo.

Tuje kwenye ufukwe wenyewe, maana kiti peke yake hakimalizi kazi. Kila mtu aliyekulia pwani anajua mchanga sio mmoja. Maji yakipwa yanaacha mchanga uliolowa, mgumu, ambao pale Msimbati hata magari yanapita juu yake. Shida iko kwenye ule ukanda mkavu wa juu, kati ya mwisho wa njia na pale maji yanapoishia yakijaa. Ule ukanda sehemu nyingi sio mrefu, ni hatua kadhaa tu, lakini ndo unaomzuia mtu. Maana yake hatuhitaji kusakafia bichi, tunahitaji kuvuka ukanda mmoja. Nje wanatandika mikeka ya plastiki inayokunjwa, inayojulikana kama Mobi-Mat, na Ugiriki wana mtambo wa Seatrac, kiti kinachoteleza kwenye reli mpaka ndani ya maji kwa umeme wa jua na mtu anajiendesha mwenyewe. Sisi tunaweza kuanza na mbao za mnazi, vipande vimelazwa kwa kukingama na kufungwa kwa kamba, upana mita moja na nusu ili viti viwili vipishane kwa kubanana na kimoja kiweze kugeuka, nafasi kati ya ubao na ubao isizidi sentimita moja ili gongo au fimbo nyeupe isinase. Asiyeona nae ananufaika, anafuata ukingo wa mkeka mpaka majini. Bamvua, yale maji makubwa, inapokuja mkeka unakunjwa unapandishwa juu, siku za maji mafu unakaa, na watu wa pwani hawahitaji kufundishwa kalenda hiyo.

Kivuli kiwepo pia, tena mwisho wa mkeka sio juu kwenye maegesho. Mtu aliyeumia uti wa mgongo sehemu za juu mwili wake hautoi jasho vizuri chini ya jeraha, anapata joto kali haraka bila ya kugundua, na mtu mwenye ualbino jua la saa sita pwani ni hatari ya wazi kwa ngozi yake. Banda la makuti la kimo kinachoruhusu kiti kuingia chini yake ni kifaa cha burudani sawa sawa na gurudumu.

Kwenye boti hapo ndo naona aibu zaidi kwa niaba yetu. Kilwa Kisiwani ni urithi wa dunia tangu 1981, Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa vinafundishwa kwa watoto wote wa nchi hii, na mtoto mwenye ulemavu wa miguu akija na wenzake kwenye ziara ya shule anafikaje kule? Anabebwa mgongoni, maji yamefika kiunoni kwa aliembeba, anarushwa ndani ya boti, akifika upande wa pili anashushwa hivyo hivyo, au mwalimu anaamua abaki Kilwa Masoko na mizigo. Ubao laini wa kuhamia wa kama sentimita 80, unaowekwa kati ya kiti na benchi la boti mtu akajisogeza kwa makalio, unatengenezwa na seremala yeyote. Ngazi ya mteremko ya boti inahitaji hesabu zaidi, kanuni ya kawaida ni kwamba kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu, kwa hiyo ukingo wa boti wa sentimita 60 unataka mbao ya mita 7.2, haiwezekani ufukweni. Ndo maana napendelea boti chache ziundwe na sehemu ya mbele inayofunguka chini kuliko kuhangaika na mbao ndefu, na waunda mashua wetu wakiletewa mtu mwenye kiti wakamuangalia anavyoingia watapata njia ambazo mimi siwezi kuzichora.

Kwa sehemu zenye mawe na ngazi kama Husuni Kubwa au ukingo wa lile bonde la Shimo la Mungu pale Newala, Wafaransa wana Joëlette, Joël Claudel aliitengeneza mwaka 1987 kwa ajili ya mtoto wa ndugu yake, ni siti juu ya gurudumu moja, mtu mmoja anashika mbele mwingine nyuma. Fundi wa maguta anaweza kuiga. Sikipendi sana kifaa hiki kwasababu bado ni kubebwa, lakini kinamfikisha mtu juu akiwa amekaa kwa heshima anaangalia mbele, na gurudumu ndo linabeba uzito sio mgongo wa mtu.

Wale wa magongo tusiwasahau maana ni wengi kuliko wa viti. Timu yetu ya mpira ya walemavu, Tembo Warriors, ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia kule Uturuki mwaka 2022, wachezaji wote isipokuwa kipa wanakimbia kwa magongo na mguu mmoja. Vijana wa huku wangependa kucheza soka la ufukweni kama wengine, ila ncha ya gongo inazama kila hatua. Kipande cha tairi kuukuu kilichokatwa duara la upana wa kiganja na kufungwa kwenye ncha kinatosha kuanza majaribio, jioni moja tu na wachezaji wenyewe wakisema kipi kinashika na kipi kinateleza.

Pesa ya kuanzia ipo karibu kuliko watu wanavyodhani. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya vikundi, mbili ni za watu wenye ulemavu, na vikundi vingi vinaomba kwa ajili ya kuku au kushona. Kikundi cha watu wenye ulemavu pamoja na fundi wao kinaweza kuomba kwa ajili ya karakana ya kurekebisha viti vya korido kuwa vya mchanga, wateja ni hivyo viti vyote vilivyokaa barazani.

Na kabla halmashauri yoyote haijatandika mkeka ufukweni, ijenge choo. Nimeongea na dada zetu wenye viti, wengi wanasema wakitoka matembezini hawanywi maji kuanzia asubuhi kwasababu hawajui watajisaidia wapi, na kwenye jua la Kusini kutokunywa maji ni kujiumiza. Mlango wa sentimita 90 unaofunguka kwa nje, nafasi ya ndani mita moja na nusu kwa moja na nusu kiti kigeuke, bomba la kushikilia ukutani pembeni ya siti, kitasa cha kufungwa kwa ndani, na njia ya kufika pale iwe ngumu mpaka mlangoni.